Mkwe Kwenye Behewa la Chakula

Kwa miaka saba Zenon alikuwa akibeba supu kwenye behewa la chakula, Kigoma hadi Dar es Salaam na kurudi, na hakuwahi kumwaga hata tone kwenye mapaja ya mtu. Alijivunia jambo hilo kupita kiasi. Kwao Ufipa wengi walidhani anaendesha treni yenyewe, naye hakujisumbua kuwasahihisha.

Mwaka 1954, mchana mmoja, treni ilikuwa imeiacha Kigoma na kengele ya chakula imeshalia. Akaingia mtawa wa Kizungu, amemshika mkono mwanamke mzee mwenye kitambaa cheusi kichwani. Abiria wakageuza shingo. Zenon naye akageuka, lakini yeye aligeukia jikoni, akajibanza nyuma ya mlango na bakuli lake la viazi.

Kitambaa na mwendo vilitosha: mzee yule alikuwa Silvana wa Izia, Sumbawanga, mama mkwe wake.

"Mungu wangu!" alimnong'oneza mpishi. "Apande lori mpaka Kasanga, apande meli mpaka Kigoma, na treni zote hizi aje aingie yangu!"

Mpishi, mtu wa pwani, hakuona tatizo liko wapi. Ikabidi Zenon amweleze harakaharaka kwamba kwao mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, wala hasimami mbele yake anapokula. Akikutana naye njiani, huingia majanini hadi apite.

"Sasa humu nitaingia majani yapi?"

Kilichomuudhi zaidi ni kwamba alimhitaji mzee huyo. Kwa miaka miwili alikuwa akimwomba kwa barua amruhusu mkewe, Adela, ahamie Tabora kwenye kota ya reli. Barua nne! Kila mara jibu lilikuja kwa mwandiko wa Adela mwenyewe: mama anasema bado. Bado nini? Hakuna aliyemwambia. Akimvunjia mzee heshima leo, mbele ya Wazungu, itabidi amsahau Adela kabisa.

"Zenon!" Msimamizi wa behewa, Bwana Pinto, alikuwa mtu mfupi mwenye sauti kubwa. "Meza ya nne inasubiri!"

Mtawa alikuwa amechafukwa na tumbo kwa mtikisiko, karudi kulala. Silvana alikuwa peke yake mezani. Zenon akamwendea kinyumenyume, akanyoosha mkono nyuma yake na kuitua supu kwa kubahatisha. Nusu ikaenda kwenye kitambaa cha meza.

"Umelewa?" Pinto alifoka. "Geuka umhudumie mgeni! Ukirudia, unashuka Uvinza, na huo mshipi mwekundu wa sare unaniachia mimi."

Zenon alichukia kila kitu: Pinto, supu, mila za kwao, na hasa mzee huyu aliyeshindwa kula mihogo yake chumbani akanyamaza. Akasimama pale pale, mgongo kwake, akiomba amalize upesi. Lakini hakusikia mtu akila. Alisikia kiganja kikipapasa kitambaa cha meza, kikagonga kikopo cha chumvi, kikanyamaza, kikaanza tena.

"Ale basi!" alisema moyoni.

Akaibia jicho, akautazama mkono tu; mkono haukukatazwa. Ulikuwa ukitafuta kijiko kilichokuwa shubiri moja tu kutoka kwake. Hapo Zenon akainua macho. Kwa mara ya kwanza tangu aoe alimtazama mama mkwe wake usoni, akaona macho yote mawili yametandwa na utando mweupe.

Aibu ilimpanda hadi masikioni. Akauchukua ule mkono, akautia kijiko.

"Shikamoo, mama."

Silvana aliijua sauti, wala hakuuondoa mkono. Akainamia supu, maana kwao maneno kwa mkwe hayasemwi moja kwa moja, lazima yapitie kitu kingine.

"Marahaba. Wewe bakuli, mwambie mkwe wangu ni mimi niliyemkataza Adela kuandika habari za macho yangu. Sikutaka huruma ya mtu. Lakini Adela ndiye anayenipeleka kisimani. Ndiye anayenipikia. Hata hizo barua za kumwomba, ndiye anayenisomea." Akapapasa ukingo wa bakuli. "Mwambie naenda kwa daktari, Tabora. Wakinifungua macho, amchukue mkewe. Wasiponifungua, asiandike tena."

"Zenon! Meza ya sita!"

Meza ya sita ingesubiri. Zenon alibaki palepale. Miaka miwili amelaani ugumu wa mzee huyu kutoka stesheni hadi stesheni, na siku hata moja hakuuliza hali yake.

"Bakuli," alisema, "mwambie mama kwamba kota ya reli ina chumba cha pili."

Silvana akaacha kula.

"Mkwe na mama mkwe, nyumba moja? Una wazimu, Zenon." Safari hii hakuliambia bakuli, alimwambia yeye mwenyewe. Akatafuta supu kwa kijiko, akanywa, akameza polepole. "Hicho chumba kina dirisha?"