Maji ya Kunawa Kwenye Ua la Akinyi

Nyinyi watu wa nyumba hii, ua langu si mtaro!

Leo nimeshusha mkebe lilimopandwa kutoka juu ya kabati. Unanuka samaki.

Ua hilo linalotambaa ukutani aliniletea binti yangu Akinyi kabla hajafa. Sina kitu kingine chake kilicho hai.

Sasa majani ni manjano, mizizi imeoza.

Nikamfokea mke wa mwanangu, "Nani anamwaga maji ya kunawa humu?"

"Sisi wote, Mama. Si ulisema lisikose maji? Tukimaliza kula tunalimwagia."

Yawa! Watu saba!

Na kweli nilisema. Nikaanza kuyapekua yale majani ya manjano.

Shina moja bado ni kijani. Likateni chini ya kifundo, pale jani linapoota, mlitie kwenye chupa ya maji safi liote mizizi, na mtu asiliguse tena.