Nusu ya Moto

Watu walimwita Mama Pini, na haikuwa utani mtupu. Tangu shangazi yake alipomkalisha kwenye cherehani akiwa na miaka kumi na mitano, midomo yake ilikuwa mto wa pini: tano, sita, zimebanwa pamoja, vichwa vikichungulia nje. Mteja akilalamika kwamba kiuno kimebana, alijibu kwa kichwa. Muuza vitambaa akimpunja upana, alijibu kwa macho. Ndiyo maana mtaa mzima ulimdhani mpole. Hakuna aliyejiuliza ni maneno mangapi yamekwama nyuma ya pini zile, mwaka baada ya mwaka, yakingoja zamu.

Chumba alichopanga kilikuwa cha chini, kipana, chenye dirisha la mwanga mzuri wa kushonea. Lakini hakukichukua kwa ajili ya dirisha. Alikichukua kwa ajili ya friji. Mama yake aliyeishi naye alikuwa na kisukari, na dawa yake ya sindano haitaki joto. Mwenye nyumba alipomwambia kwamba friji ni mali ya nyumba na imo ndani ya kodi, alitia saini palepale, pini mdomoni.

Mwenye nyumba alikuwa mtunza stoo mstaafu. Yeye alitoka stoo, stoo haikumtoka. Alipenda vibao. Alivikata mwenyewe kwa mbao, akaviandika kwa rangi nyekundu, herufi zimesimama kama askari wa gwaride. Bombani: FUNGA. Ngazini: USIKAE. Koridoni: PASI YA UMEME MARUFUKU. Na ukutani, juu ya friji ya kila chumba: KIFAA CHA NYUMBA. FUNDI NI WA NYUMBA TU. Wapangaji walimwita Mzee wa Vibao. Mwalimu wa hesabu, mpangaji wa ghorofani, alisema mzee huyo keshajiandalia na cha kaburini: USIKANYAGE.

Fundi wa nyumba alikuwa mpwa wake, mwanamume wa makamo aliyejifunza umeme kwa kuunguza vidole.

Friji ilianza kwa kuuma. Ukigusa mlango na mikono ina maji, inakurusha. Mama Pini akaenda kwa mwenye nyumba, akaambiwa avae ndala. Baada ya wiki mbili ikawa inanguruma bila kupumua, mgongo wake moto kama sufuria. Akaenda tena. Mpwa akaja, akaigeuza, akachokonoa, akafunga, akaondoka bila kumtazama mtu usoni. Mara ya tatu Mama Pini alisema chumba kinanuka plastiki inayoungua, na kwamba anamjua fundi hodari ambaye angemlipa mwenyewe.

Mzee akamwonyesha kibao kwa kidole. "Kusoma unajua, binti yangu. Akiigusa mtu wa nje, unahama siku hiyohiyo."

Mama Pini akarudi kwenye cherehani. Angehamia wapi na mama mgonjwa?

Ilikuwa Alhamisi mchana. Alikuwa barazani akipiga pasi ya mkaa sare nyeupe za wanafunzi wa uuguzi, maana ya umeme ilikatazwa na kibao. Mama yake alikuwa amelala ndani. Kitu kikapasuka, si kwa kishindo, kama mtu aliyevunja kijiti. Kisha moshi mweusi ukatoka mlangoni polepole, kama mwenye haki ya kupita. Hakumbuki alivyoingia. Anakumbuka uzito wa mama yake mgongoni, na mkono ule mkavu ukimshika shingo. Mwalimu wa hesabu akakata umeme, akamwaga mchanga. Moto ulipozimika, friji ilikuwa kaa, ukuta wa nyuma yake mweusi hadi darini, sare zilizobaki ndani zikingoja pasi zimekunjamana kama majani makavu, na dawa ya mama imepikwa.

Mwenye nyumba akaja. Alitazama ukuta kwanza. Kisha dari. Mama mgonjwa alimwona wa tatu.

Kesho yake hakuandika kibao, aliandika barua. Moto umewashwa na pasi ya mpangaji. Mpangaji atanunua friji mpya, atapaka rangi, na mwisho wa mwezi ahame.

Mama Pini akaisoma mara mbili. Akaikunja vizuri, kama anavyokunja kitambaa cha mteja, akaenda nayo kwenye baraza la mtaa.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa mkunga mstaafu, mama mzito wa sauti laini, aliyewapokea nusu ya watu wa mtaa ule walipozaliwa. Mzee alisema wa kwanza. Mpangaji ana pasi ya umeme ya siri, akasema. Mwalimu wa hesabu akashuhudia kwamba pasi ni ya mkaa, na siku ile ilikuwa nje; moto ulitoka kwenye friji. Basi, mzee akasema bila hata kumeza mate, mkaa ndio uliowasha moto. Watu wakacheka. Hapo akakasirika, na kwa hasira akasema neno ambalo akiwa ametulia asingelisema.

"Kama friji ilikuwa mbovu hivyo, mbona hakuita fundi? Mtu mzima na akili zake anakaa na kitu kibovu?"

Mama Pini aliinama kwenye mfuko wake wa vitambaa. Akatoa ubao uliounguzwa pembe moja, akauweka mezani mbele ya mwenyekiti. Rangi nyekundu ilikuwa imefura kwa moto, lakini herufi zilikuwa bado zimesimama wima. Mwenyekiti akasoma kwa sauti. Safari hii hakuna aliyecheka.

Lakini mkunga ni mtu wa kutuliza. Akasema mmoja alitoa kifaa kibovu, mwingine aliendelea kukitumia. Wote ni majirani, kesho watazikana. Wagawane hasara nusu kwa nusu, yaishe.

Mama Pini akasimama. Mdomoni hamkuwa na kitu.

"Nusu ipi, mama? Nusu ya moto niliiwasha mimi? Mara tatu nimesimama mlangoni kwake. Ya kwanza akanipa ndala. Ya pili akanipa mpwa. Ya tatu akanipa kidole. Nikikaa nina kosa, nikiita fundi nahama. Mama yangu alikuwa amelala hatua mbili kutoka kwenye kile kitu. Nikiubeba moto huu nusu, ina maana nusu nilitaka kumuua. Sibebi. Hata majivu yake sibebi." Kisha akamgeukia mpwa, aliyeketi karibu na mlango. "Na wewe kaka yangu, siku ile uligeuza friji ukafanya nini? Sema mbele ya watu."

Mpwa alitazama vidole vyake.

"Kuna kidude kinakata umeme friji ikizidi joto," akasema. "Kilikuwa kimekufa. Nilimwambia mjomba tununue kingine. Akasema cha nini, unga waya moja kwa moja." Akamgeukia mzee. "Mjomba, nilikwambia."

Mwenyekiti hakuzungumzia tena nusu. Barua ya kuhama ikachanwa. Mwenye nyumba akaamriwa kukarabati chumba, kuleta friji nzima, kulipia sare na dawa; na mpangaji ataita fundi amtakaye.

Friji ililetwa Jumatatu. Fundi hodari aliifungua mgongo, akaichungulia kwa tochi, ndipo akaichomeka. Mama Pini alikuwa mezani akichora chaki kwenye kitambaa cheupe kipya. Wasichana wa uuguzi wangechelewa kupata sare zao kwa wiki tatu, na alikuwa amewaomba radhi mmoja mmoja yeye, si mzee.

Mzee akatokea mlangoni, kofia mkononi.

"Hamjambo humu ndani?"

"Hatujambo, baba," mama mgonjwa akaitika kutoka kitandani, kwa sababu alilelewa hivyo.

Mzee akaendelea kusimama. Alikuwa anangoja itikio la pili, kwa kichwa au hata kwa macho, kama alivyozoea kwa miaka yote. Chaki ikapita juu ya kitambaa, ikafika kwenye kwapa, ikapinda, ikashuka. Akangoja hadi fundi akaona haya kwa niaba yake. Ndipo akavaa kofia, akaondoka.

Pini zote zilikuwa ndani ya kopo, juu ya meza, limefunikwa.