Bibi Sare

Klabuni walimwita Bibi Sare, na jina lilimkaa kotekote. Alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule na za walinzi. Na kwenye sataranji, akipewa kete nyeusi, alijikunyata nyuma ya askari wake mpaka mpinzani akachoka, wakatoka sare.

Raundi ya mwisho ya kuchagua timu ya mji ilimkutanisha na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Nafasi ilibaki moja. Shemeji, mwenye kete nyeupe, alihitaji sare tu. Bibi Sare alihitaji ushindi, na hakuna aliyemtegemea kushinda, hata yeye mwenyewe. Makoti ya timu alipewa kazi ya kuyashona, na la mwisho alikwisha kulishona kwa vipimo vya shemeji, mabega mapana kama mlango.

"Shemeji, leo sare, siyo?" shemeji alimnong'oneza nje ya ukumbi. "Kama kawaida yako."

"Haya," Bibi Sare alijibu.

Neno dogo. Lakini alimpa mtu ambaye, baada ya mazishi, ndugu walipotaka kuuza cherehani ya marehemu, aliziba mlango akasema, "Atakayeigusa aanze na mimi." Na katika ukoo ule, mtu akishatoa neno, limetoka.

Shemeji alicheza kama mtu aliyekwisha kumaliza. Hata mfalme hakumficha. Mara akasogeza askari wa pembeni kabisa, hatua ya mtu anayengoja chai. Bibi Sare akainua mkono ajibu kwa woga wake wa siku zote, mkono ukagoma. Mwenye nyeusi huanza akiwa nyuma kwa hatua moja. Sasa hatua hiyo shemeji ameitupa, imelala pale mezani haina mwenyewe.

Akamtoa kafara askari wa kati. Shemeji akamla, akatabasamu. Kisha farasi akaruka, malkia akatoka, na tabasamu likanywea.

"Shemeji?" mpinzani wake alisema kwa sauti ya chini.

"Hakuna kuongea!" mwamuzi akakemea.

Bibi Sare hakuinua macho. Angeweza bado kumpa sare. Kila zamu nafasi hiyo ilikuwepo, na kila zamu aliiruka, masikio yakimwaka moto. Mwishowe shemeji akamlaza mfalme wake mwenyewe, akatoa mkono.

"Bibi Sare leo kachana sare!" mmoja akapiga kelele, ukumbi ukaangua kicheko.

Kesho yake shemeji alifika dukani kwa Bibi Sare. Koti lilikuwa mezani.

"Umeshinda kihalali," alisema. "Nyumbani nimewaambia hivyo. Atakayeleta maneno, nitamjibu mimi."

"Lakini nilikubali, shemeji."

"Ulikubali. Ungesema tu, 'Leo tucheze.' Ningekaa macho."

Ushindi haukumsuta Bibi Sare, lilimsuta lile neno "haya" lililomlaza mwenzake usingizi. Na sasa hakuwa na uhakika tena kama alipolisema alilimaanisha.

Shemeji akaligeuza koti, akapima bega kwa kiganja. "Punguza hapa na hapa. Ukilivaa hivi watasema umeazima."

"Haya," Bibi Sare alisema, kisha akajing'ata ulimi.

Shemeji alipoondoka, Bibi Sare alichukua wembe akaanza kufumua bega la kushoto. Alikuwa amelipiga mshono mara mbili, kwa kuwa lilikuwa la shemeji, na uzi ulikataa kuachia upesi.