Kiatu Kilichopigwa Pasi

Tangu fundi viatu alipopandikizwa uboho, nyumbani kwake watu walinawa mikono mpaka ngozi ikachubuka. Mkewe ndiye aliyekuwa mlinzi wa mlango. Maji yalichemshwa, yakapozwa, yakafunikwa. Majirani waliokuja kumjulia hali walimjulia wakiwa uani, wakipunga mikono dirishani kama wanaoaga msafiri. Aliyebisha aliambiwa, "Kinga yake ni changa kuliko ya mtoto wako mchanga. Kwani wewe kichanga chako unakikoholea?"

Mgeni mmoja tu alikuwa na ruhusa ya kuingia: Kitinda, dada yake fundi, mziwanda wa kwao, dobi wa mtaa wa pili. Ndiye aliyetoa uboho. Hospitalini walimlaza usingizi, wakamchoma kwenye mifupa ya nyonga, akaamka na kiuno cha mtu aliyeporomoka ngazi. Tangu siku hiyo wifi yake hakumwita tena Kitinda. Alimwita Mkombozi. "Mkombozi, kaa hapa penye mto." "Jamani, Mkombozi amekula?" Naye alikaa penye mto, akala, lakini kila kijiko kilimkwama kooni.

Kilichomkwama kilikuwa kwenye ngozi ya kaka yake. Kwanza viganja viliwasha. Kisha kifua kikawa chekundu, na mgongo ukaanza kubanduka magamba. Daktari aliwaeleza kwa upole kwamba chembe zilizotoka kwa dada zimefika ugenini, hazimtambui mwenye mwili, ndiyo maana zinamshambulia. Si kosa la mtu, alisema, na dawa ya kuzituliza ipo. Wote waliitikia kwa kichwa. Kitinda alibaki na maneno mawili matatu tu: zilizotoka kwa dada.

Damu yake asingeweza kuibadilisha. Alichoweza ni shuka. Kila asubuhi, kabla hajafungua kibanda chake, alizinyunyizia maji shuka za kaka yake, akazikandamiza kwa pasi mpaka mvuke ukaisha, akazipeleka zikiwa bado na joto.

"Karibu, jemadari," fundi alimpokea. Dawa zilikuwa zimemvimbisha mashavu mpaka macho yakawa madogo. "Askari wako leo wamekesha mgongoni."

"Wamekuuma sana?"

"Wana tabia zako. Hawajui kuliacha jambo likapita."

Alikuwa anatania. Hao wawili walilelewa kwa utani tangu hawajaota meno. Kitinda alicheka vizuri tu, kisha akageukia kabati kupanga shuka ambazo zilikwisha pangwa.

Siku moja wifi alipokwenda kuchukua dawa, fundi alimwita karibu.

"Umemwona mwenzangu anavyotembea?"

"Anatembeaje?"

"Kiatu cha kushoto soli imeachama. Amekifunga uzi, anadhani sioni. Mke wa fundi viatu, Kitinda. Mimi nimelala hapa nahesabiwa vidonge, yeye anaburuza soli barabarani kwa ajili yangu." Akajikuna kiganja. "Stoo kuna vyake vyeusi. Nilimwahidi kuvitengeneza kabla sijaugua. Niletee kimoja, na sindano yangu na uzi."

"Wifi atanitoa roho."

"Askari wako wananitoa ngozi na sijakushtaki. Kiatu tu unaninyima?"

Alisema huku anacheka. Lakini dada mtu alisikia deni, na mtu anayejiona anadaiwa hana nguvu ya kukataa.

Alikichukua kile kiatu kwa siri akakipeleka kibandani. Akakisugua kwa brashi na sabuni nje na ndani, akakifuta kwa spiriti, akakianika juani. Kilipokauka alikifunika kitambaa kibichi akakipitishia pasi polepole, kisigino hadi ncha, mpaka ngozi ikanukia moto. Katika kazi yake, kitu kikishapita kwenye sabuni na pasi hakiulizwi swali jingine. Akakifunga ndani ya foronya safi, akajiambia kwamba hata bandeji za hospitali hazijaoshwa hivi.

Hakufikiria jambo moja. Kwa dobi, kitu ni kile kinachoonekana. Kwa fundi viatu, kazi huanza pale pasipoonekana. Kaka yake alikaa kitandani, akashusha barakoa ili alowanishe uzi kwa mate, na kabla ya lolote akabandua soli ya ndani. Gundi ya zamani ilikuwa imekufa. Chini yake palikuwa na unga wa kijani na weusi kidogo, na ulipoguswa ukapaa kwenye mwanga wa dirisha.

"Vumbi gani hilo?" Kitinda aliuliza.

"La kiatu. Nimelivuta maisha yangu yote."

Alitaka kumnyang'anya. Mkono ulikwisha nyanyuka. Lakini aliona vidole vya kaka yake, vilivyokuwa vikijikuna tangu asubuhi, vimetulia juu ya ngozi ya kiatu vikitafuta mshono. Akaushusha mkono. Waliposikia lango likilia, kiatu kiliingia chini ya godoro, na huko kikawa kinalala. Wiki ile fundi alichangamka, na mkewe aliwatangazia majirani kwamba mgonjwa anapata nafuu.

Kisha kikaja kikohozi kikavu, halafu homa. Wifi alitazama kipimajoto mara moja tu, akaita gari.

Wodini daktari alisikiliza kifua kwa muda mrefu. Akakunja kifaa chake, akawageukia.

"Kuna kitu kipya kimeingia chumbani kwake? Udongo, ua, kitu cha stoo? Nikijua, leo hii naanza dawa inayofaa. Nikibahatisha, tunapoteza siku ambazo hana."

"Daktari, naapa," wifi alisema. "Hata nzi haingii." Akaweka mkono begani kwa Kitinda. "Muulize Mkombozi."

Fundi, mpira wa hewa ukiwa puani, alitikisa kichwa kidogo: usiseme. Yale magamba yalitokana na chembe za Kitinda bila yeye kutaka. Kiatu alikibeba kwa mikono yake miwili, ndani ya foronya.

"Mimi nilimpelekea kiatu," alisema. "Nilikifua. Nilikipiga na pasi."

Hakuna aliyecheka.

"Ndani kilikuwa na ukungu?" daktari aliuliza.

"Wa kijani. Akakibandua mbele yangu, nikanyamaza."

Daktari alikwisha geuka, akimwagiza muuguzi dawa ya ukungu na picha ya kifua saa ile ile. Mkono wa wifi ulitoka begani taratibu.

"Kiatu cha nani?"

"Chako, wifi. Alitaka kukushonea."

Wifi alimtazama mumewe. Fundi alifumba macho, akajifanya amelala kama mtoto wa shule.

"Ningetembea peku," wifi alisema. "Ningetembea peku mpaka uzee, mradi anapumua."

Siku zilizofuata Kitinda alileta shuka, akamkabidhi muuguzi, akaondoka bila kuchungulia. Kibandani aliunguza kola ya mteja, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Kila alipoinua pasi alijiuliza ni kitu gani katika mwili wa kaka yake kisichotoka kwake: damu, magamba, sasa na ukungu. Homa ilishuka kwa kusuasua, ikapanda, ikashuka tena. Habari alizipata kwa muuguzi.

Ndipo wifi akatokea kibandani, shuka zile zikiwa kwapani.

"Siku hizi unaziacha mlangoni kama mchuuzi?"

"Naogopa, wifi."

"Ogopa. Na mimi naogopa. Lakini mlango ukifunguka tu anauliza kama ni wewe, na mimi nimechoka kumwambia uko kazini. Zima pasi twende."

Penye sinki la mlango wa wodi, wifi alisimama nyuma yake.

"Nawa."

Kitinda akanawa.

"Tena. Katikati ya vidole. Dobi mzima hujui kunawa? Na kucha hizo umezikata na nini, meno?"

Kitinda alisugua huku ameinamisha kichwa. Karipio lile lilimshuka kooni vizuri kuliko chakula chote alichokaribishwa penye mto. Ndani, kaka yake alikohoa, kikohozi kirefu chenye majimaji. Wote wawili walisikiliza, maji yakimwagika bure, mpaka kikaisha na pumzi ikasikika.

"Tena," wifi alisema, sauti yake ikiwa chini kidogo, na Kitinda akachukua sabuni.