Mkono wa Kushoto wa Mpiga Tarumbeta

"Mimi sijawahi kuandika jambo ambalo sikuliona kwa macho yangu. Hata mkato wangu una shahidi."

Maneno hayo mwandishi aliyatamka redioni, asubuhi, watu wakinywa chai, na mtangazaji akayarudia mara mbili.

Alikuwa na haki ya kuringa. Miaka ishirini na mitatu ameandika habari za wapiga muziki wa jazi, maelezo ya picha za maonyesho, na maneno ya filamu mbili za maisha ya wanamuziki. Kwake hukai kitini kabla hujahamisha santuri. Ila kuna kasoro moja ambayo redioni hakuigusa: muziki ukikolea, yeye hufumba macho. Ukumbini utadhani abiria aliyepitiwa na usingizi.

Sasa shemeji yake, mume wa dada yake, alikuwa anaandaa maonyesho ya picha alizopiga za bendi moja kongwe, na mwandishi ndiye aliyetunga kijitabu chake. Picha kubwa kuliko zote ilimwonyesha mpiga tarumbeta, mashavu yamejaa, vidole vya mkono wa kushoto vikibonyeza. Mwandishi akaikodolea macho, akaujazia mkono huo ukurasa mzima: ulivyowagomea walimu, ulivyoipa kila noti mwendo wa pembeni. Dada yake aliusoma akalia. Zikachapwa nakala mia tatu.

Siku moja kabla ya ufunguzi, mpiga tarumbeta mwenyewe akapita kuchungulia.

"Huyu nani?"

"Si wewe, mzee wangu!" shemeji akajibu.

"Mimi? Mkono wa kushoto nashikia mwavuli tu. Na mfuko wa shati langu umehamia kulia lini?"

Shemeji akauchomoa mkanda wa filamu, akauinua dirishani. Wakati wa kusafisha picha alikuwa ameuweka kinyume. Kulia kumekuwa kushoto.

"Shemeji, umeniua," mwandishi akasema.

"Nimekuua mimi? Wewe si umekuwa ukimsikiliza huyu tangu hujaota mvi?"

"Nilimsikiliza. Sikumtazama."

Mpiga tarumbeta akausoma ukurasa, akacheka mpaka miwani ikamdondoka. "Dada mwandishi, usifute hata nukta! Mke wangu hajawahi kuusifu mkono wangu wowote."

"Basi tunyamaze," shemeji akadakia. "Tuko watatu tu. Nani atajua?"

"Nitajua mimi, na mdomo wangu unaujua," mwandishi akajibu.

Jina lake lote lilikuwa limekaa juu ya ukurasa ule. Akinyamaza, linabaki safi kwa watu na kumwasha yeye maisha. Akisema, kesho mtangazaji ana kichekesho cha mwezi mzima. Akazunguka meza mara mbili. Kisha akavuta kiti, akafungua kalamu, na katika kila nakala, mia tatu zote, akaandika pembeni: *Picha imegeuzwa. Mkono ni wa kulia. Nilikuwa nimefumba macho.* Akatia saini.

Kesho yake watu waliingia, wakacheka kwenye ukurasa ule ule, wakaanza kupigana vikumbo kwenye meza ya kuuzia vijitabu. Mpiga tarumbeta alisimama chini ya picha yake akipungia mkono wa kulia kama ushahidi. Mtangazaji naye alifika, akasoma, akamtazama mwandishi.

"Kumbe shahidi alikuwa amelala?"

"Alikuwa anasikiliza," mwandishi akajibu. "Unataka ngapi?"

Akachukua mbili. Kijitabu kimoja ni elfu nane.