Taa Mpya ya Fabien

Miaka yote Fabien, dereva wa pikipiki mjini Baraka, alikuwa na taa hafifu kama mshumaa. Jana alifunga balbu ya LED, na alfajiri, hata chai hajanywa, akateremka ufukweni kuijaribu. Akaiwasha. Lo! Mchanga, nyavu, mpaka mawimbi ya mbali, vyote vikawa vyeupe pe! Akashangilia peke yake kama mwendawazimu.

Mara akasikia vishindo. Wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, walikuwa wanakuja mbio na mabeseni yao, maana taa kali ufukweni saa hizo ni ya wavuvi wanaorudi na samaki. Mama Arlette, aliyewatangulia wenzake, akatua beseni mbele ya gurudumu.

"Taa yako iko muzuri sana, mutoto wangu," akasema akihema. "Sasa leta ndagala."