Developer mwenzangu hapa Juba alikuwa anafuta sehemu ya kabila kwenye fomu, nikaenda kumsemea kwa bosi

Wakuu, habari za mchana.

Nitakachoandika hapa kimetokea, nilikuwepo, na sehemu kubwa ya ubaya wake niliufanya mimi mwenyewe. Majina nimebadilisha. Wale wa kuja PM kuuliza "soko gani, chama gani", msijisumbue. Siwajui nyie ni kina nani.

Mimi ni Msukuma wa Shinyanga, programmer, mwaka wa pili sasa niko Juba. Ofisi yetu iko Hai Amarat, vyumba viwili nyuma ya hoteli moja. Tunatengeneza mifumo ya maduka, zahanati, shule, yeyote mwenye shida na kompyuta. Tulikuwa watatu: mimi, Taban, na bosi wetu Madam Jesca.

Kwanza mnielewe, mimi ni mtu wa mashaka.

Sipendi framework mpya. Ukiniambia kuna library, code iliyoandikwa na wengine, ya bure na inafanya kila kitu, nakuuliza anayelipia server ni nani. Naandika PHP ya kizamani na MySQL, mfumo unakaa kwenye laptop hata internet ikikata, na hapa inakata. Vijana wa JavaScript mtanitukana huko chini, nimeshazoea.

Kitu pekee cha kisasa nilichokikubali ni AI ya kuandika code. Nayo nina maneno nayo, mtaona.

Siasa pia ni hivyo hivyo. Hapa watu wanaongea siasa huku wanaangalia mlango. Uchaguzi unasogezwa, wakubwa wanapatana, wanakosana, wanapatana tena. Ukimuuliza dereva anakujibu "mafi kalam", yaani hakuna la kusema, halafu anaongeza sauti ya redio.

Msimamo wangu ulikuwa mmoja: siasa zao, code yangu. Wale wanaosema teknolojia haina siasa, nilikuwa mwenyekiti wao.

Sasa Taban. Ni mtu wa hapa hapa South Sudan lakini amekulia Uganda, ukimbizini, na Kiswahili chake ni kile cha upande ule, "mimi iko sawa, brother". Mpole, anakula polepole, na code yake ni safi kuliko yangu. Hilo lilikuwa linaniuma kidogo, sitawaficha.

Tukapata kazi ya chama kimoja cha wafanyabiashara wa sokoni. Walitaka wanachama wasajiliwe kwenye kompyuta na kila mmoja apewe kitambulisho. Katibu wao akaja ofisini na karatasi: jina, simu, picha, namba ya kibanda, uraia, kabila, kijiji cha asili.

Fomu kama fomu nyingine yoyote.

Nikaiambia AI initengenezee sehemu ya kuchagua kabila. Dakika haikuisha, nikapata orodha ndefu ya makabila ya South Sudan, imepangwa kwa alfabeti, tayari kubandika. Sikuuliza ya nini. Nayo haikuuliza. Ndiyo maana nasema nina maneno nayo: fundi wa kweli ukimwambia atoboe ukuta anakuuliza kwanza nyuma yake kuna nini.

Nikaifanya iwe lazima kujazwa. Usipochagua kabila, mfumo hausevu.

Hapa Watanzania wenzangu mtanielewa. Sisi kwetu kabila ni kitu cha kutaniana. Mzaramo akifiwa namwendea msibani namwambia apunguze kulia anamaliza maji, na hakuna anayekasirika. Msukuma nikionekana nakula naulizwa kama nimemaliza sufuria. Nimekua hivyo. Basi ile orodha ikanifurahisha, nikamgeukia Taban nikamwambia, "Haya, chagua lako hapa, nijue watani wangu ni kina nani."

Hakucheka. Akasema, "Hiyo kitu toa, brother."

Nikajua hapendi utani. Nikaendelea.

Siku ya pili nakuta ile sehemu si lazima tena, unaweza kuiruka. Nikarudisha.

Siku ya nne nakuta orodha haipo, pamebaki kisanduku kitupu. Nikarudisha.

Wiki iliyofuata kila kitu kinaonekana sawa. Nikajisajili mimi mwenyewe kama majaribio, kabila nikachagua la kwanza kwenye orodha, nikasevu. Nafungua tena, pamekuwa patupu. Najaza, nasevu, patupu. Nikatafuta karibu asubuhi nzima. Kumbe mtu ameandika mistari miwili inayopokea lile jibu na kulitupa kabla halijafika kwenye database. Mtumiaji hawezi kujua.

Kwa wasio wa fani hii: tuna chombo kinaitwa git, kinaweka kumbukumbu ya nani kabadilisha nini na saa ngapi. Nikafungua. Taban. Maelezo aliyoyaweka: "narekebisha muonekano".

Jamani, pale damu ilinichemka. Mtu akikukatalia mbele ya macho yako utabishana naye. Huyu alikuwa ananizunguka huku tunakula sahani moja.

Kuanzia hapo nikawa namchunguza. Simu yake ikiita anatoka nje. Kila Alhamisi mchana anaomba ruhusa, anarudi saa tisa, hasemi alikuwa wapi. Kuna boda mmoja Mganda anaegesha pale sokoni Custom, huwa anatubeba wote wawili. Siku moja nikamzungusha kwa maneno mpaka nikamuuliza huwa anampeleka wapi Taban.

"Yule mutu ya computer? Mimi natupa yeye Bilpam. Kila Thursday."

Mnaoijua Juba mmeshashtuka. Bilpam ndiko makao makuu ya jeshi.

Kichwa changu kikamaliza kazi chenyewe. Mtu anaharibu mfumo wa wateja kimyakimya, anapokea simu nje, kila wiki anakwenda jeshini. Huyu katumwa. Anapeleka habari zetu. Niliona kila kitu kimekaa sawa, na niwaambie ukweli, nilijisikia mwerevu sana.

Nikaenda kwa Madam Jesca. Nikafunga mlango. Nikampa sababu zangu: anaharibu kazi ya mteja, ushahidi wa git huu hapa, na kila Alhamisi anakwenda Bilpam, muulize mwenyewe.

Madam alinisikiliza, hakuniuliza hata swali moja. Jioni ile akamwita Taban, wakakaa muda mrefu. Taban akatoka hana kazi tena, anakusanya charger yake na kikombe chake.

Alipopita mezani kwangu akasema, "Ile kabila, wacha kama mimi naliwacha."

"Kwa nini lakini?"

"Malesh, samahani, brother. Kama mutu bado anaulizanga kwa nini, mimi naambia yeye nini?"

Akaondoka. Ile mistari miwili niliifuta ndani ya dakika tano.

Jumatatu tukaenda sokoni kusajili, mimi na laptop na printa ndogo, katibu wa chama kasimama nyuma yangu. Watu wengi, foleni ndefu, vicheko, akina mama wanarekebisha vitambaa vya kichwa kwa ajili ya picha. Jina, simu, kibanda, mambo yanakwenda.

Tukifika kwenye kabila, vicheko vinaisha.

Wa kwanza alijibu kwa sauti ndogo. Wa pili alimtazama katibu kwanza, ndipo akajibu. Wa tatu alikuwa mama muuza nyanya, mtu mzima kuliko mama yangu. Akaniuliza, "Mwanangu, hii kabila inaenda wapi?"

Nikamwambia inaingia kwenye kompyuta tu, mama.

"Kwa kompyuta inaenda wapi?"

Wakuu, nimefanya kazi hii miaka mingi na hakuna mteja aliyewahi kuniuliza swali zuri kama lile. Mama hakunisubiri. Akasema, "Andika South Sudan. Mimi ni South Sudan." Mfumo ukakataa, maana mimi mwenyewe niliufundisha kukataa. Akachukua beseni lake akaondoka bila kitambulisho. Nikaona na wengine nyuma yake wanajitoa kwenye foleni, mmoja anajifanya ameitwa, mwingine anajifanya amesahau kitu.

Mpaka mchana nilikuwa na watu arobaini na kitu. Katibu akaniinamia. Vitambulisho visubiri, akasema. Kwanza nimtolee karatasi moja tu: namba za vibanda, zimepangwa kwa kabila. Ya leo.

"Picha na simu je?"

"Hapana. Kibanda na kabila."

Nikamuuliza ya nini. Akatabasamu. "Mambo ya usalama, Mtanzania. Wewe toa tu."

Kitambulisho hakihitaji karatasi ile. Kodi ya soko haihitaji karatasi ile. Nilijaribu kufikiria kazi moja halali ya karatasi inayosema kabila fulani wanakaa vibanda namba hizi, nikakosa. Mimi niliyemshuku mpole wa watu kwa sababu ya boda, nilikuwa nimekaa wiki tatu namjengea mtu karatasi ile, na nikaongeza ukali wa kulazimisha.

Nikamwambia printa ina tatizo. Nikafunga laptop, nikaikumbatia kifuani, nikapanda boda mpaka ofisini.

Madam alinisikiliza tena kama siku ile. Halafu akasema, "Taban alinionya hayo hayo jioni ile, kwamba watakuja kutaka karatasi kama hiyo. Mimi nikaogopa kupoteza mteja. Na wewe ulikuwa umenipa kisingizio."

Nikafungua laptop mezani kwake.

Mchana ule tulifuta. Kwenye laptop, kwenye server, kwenye backup, na kwenye flash niliyokuwa nayo mfukoni. Madam akampigia katibu, akamwambia mfumo wetu hauna sehemu ya kabila na hautakuwa nayo. Kazi ikafa palepale. Katibu alikuja mara mbili ofisini kuulizia "data yake", mara ya pili akiwa na mwanaume ambaye hakujitambulisha, akakaa tu anaangalia kompyuta zetu. Tukawaonyesha patupu.

Labda katibu hakuwa na nia mbaya. Labda alitumwa tu. Mpaka leo sijui, na mashaka yangu hayajaisha, nikisikia gari linasimama nje bado nachungulia.

Nikamtafuta Taban. Anatengeneza simu kwenye kibanda cha rafiki yake pale Custom. Nikamkuta ameinama na bisibisi, simu ya mtu imefunguliwa mezani.

Nikamwomba radhi. Nikamweleza yote, mama wa nyanya, katibu, karatasi. Nikamuuliza na hili la Bilpam. Akanishangaa. Kuzunguka ile kambi kuna makazi ya watu, wakuu, nyumba kwa nyumba. Mama yake mdogo anakaa kule, ana kidonda cha kisukari mguuni, kila Alhamisi anampeleka kubadilishiwa bandeji, na simu zile za nje ni zake. Ndiyo siri yote.

"Na mbona hukuniambia sababu ya kufuta ile sehemu?"

Akaendelea kufungua skrubu. "Kaka mukubwa yangu, jina yake ilikuwa kwa list."

"List gani?"

"List tu. Wakati ya vita. Jina, nyumba, kabila. Mimi naliona hiyo karatasi baadaye. Mutu naliandika vizuri kabisa, hakuna makosa. Nafikirianga yeye, huyu mwenye aliandika. Pengine alikuwa mutu muzuri, nafanya kazi yake."

Machozi yalinilenga, nikajifanya vumbi.

Halafu akaniuliza, bila hasira, "Kwa Madam ulisema nini juu yangu?"

Nikamwambia. Git, na Bilpam.

"Na ingine?"

Wakuu, hapo juu nimewaandikia sababu mbili. Zilikuwa tatu. Siku ile, mlango umefungwa, niliinama nikamwambia Madam kabila la Taban, nikaongeza, "na unajua watu wa kwao walivyo." Mimi nisiyejua chochote kuhusu watu wa kwao. Mtanzania wa utani. Nilitaka tu mashaka yangu yawe na uzito, na lile neno lilikuwa karibu, nikalitumia.

Nikamwambia na hilo. Nilimwambia nikiangalia chini.

Akaweka bisibisi chini. "Najua. Madam naliniambia. Mimi nalitaka kusikia kwa mudomo yako."

Akageuka akamhudumia mteja aliyekuwa anasubiri chaja. Madam ameshamwita arudi kazini, amesema atafikiria. Ni wiki ya tatu sasa.

Nilichojifunza, kwa developers wenzangu: kabla hujaongeza sehemu kwenye fomu, uliza ni nani atakayeisoma na atataka kufanya nini nayo. Mteja akishindwa kukujibu, usiiweke. AI haitakuulizia, na usisubiri watu wa kwenye foleni ndio wakuulizie. Na mtu akifuta code yako mara tatu, kabla hujakimbilia kwa bosi, kaa naye chini mnywe chai.

Mashaka sijaacha, ila siku hizi naanza na mimi mwenyewe.

Mlioko Kigali, Bujumbura, Nairobi, mmewahi kuletewa fomu ya namna hii? Mlifanyaje? Na mwenye uzoefu aniambie: mtu akikusikiliza radhi yako yote, asiitikie na asikufukuze, unarudi tena au unamwacha? Nasoma kila comment, hata za matusi.